Kompyuta Imesikia, Nani Atamjibu Mtoto?

Mwenyekiti, maafisa ustawi wa jamii, wasimamizi wa makao, walezi, na nyinyi mafundi wa programu mliokaa nyuma: tunawasalimu.

Tumekuja kuzungumzia kompyuta inayotumika kuwauliza watoto wasioishi na wazazi wao maoni yao kuhusu malezi wanayopata. Tutaanzia mwisho, kwenye skrini ya mwisho kabisa. Mtoto amemaliza kujibu maswali na kubonyeza "Tuma". Kinatokea kikaragosi kinachotabasamu na maneno "Asante kwa maoni yako!" Kisha skrini inarudi mwanzo kumsubiri mtoto mwingine. Sasa tuambieni: maneno yale yamekwenda wapi? Nani atayasoma, siku gani, na mtoto atajuaje kwamba yamesomwa? Kama hamna jina la mtu na idadi ya siku, msiandike swali hata moja. Mipango mingi ya namna hii haiuawi na kompyuta mbovu. Inauawa na ukimya. Mtoto hujibu kwa moyo wote mara ya kwanza, kwa mkato mara ya pili, na mara ya tatu hubonyeza "Sijui" kuanzia juu hadi chini.

Tunaowazungumzia ni watoto wasioishi na wazazi wao kwa sababu mamlaka imeamua hivyo, au kwa sababu hapakuwa na mzazi wa kuishi naye: walio kwenye makao, kwenye familia za malezi ya kambo, kwa ndugu waliokabidhiwa rasmi, au kwenye vituo vya muda. Mtoto wa namna hii hakosi watu wazima wa kuandika habari zake. Faili lake ni nene kuliko madaftari yake yote ya shule. Kinachokosekana ndani ya faili hilo, mara nyingi, ni sentensi moja aliyoisema yeye, vilevile alivyoisema.

Sheria haikuliacha pengo hilo wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Novemba 20, 1989, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kutoa maoni kwa mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kifungu cha 25 kinataka hali ya mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka ipitiwe mara kwa mara. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, imetaja hata kipimo: kwa mtoto aliye kwenye malezi ya muda, mapitio ya kina yafanyike ikiwezekana angalau kila baada ya miezi 3. England nayo imeweka ratiba kwenye kanuni zake: mapitio ya kwanza ndani ya siku 20 za kazi, ya pili ndani ya miezi 3 baada ya hayo, kisha kwa vipindi visivyozidi miezi 6. Shikeni tarehe za namna hiyo. Kompyuta ifuate kalenda ya mapitio ya mtoto. Mara nyingi hufuata kalenda ya mradi, ndiyo maana maoni yanafika asubuhi ya kikao, wakati uamuzi umeshachapwa. Tunashauri mtoto ajibu wiki 2 kabla ya kikao, na msimamizi wa mapitio awe ameyasoma majibu angalau siku 5 kabla.

Kwa nini kompyuta, na si mtu aliyekaa na kalamu? Kwanza, kompyuta haikunji uso. Haiguni, haitazami saa, na inauliza kwa maneno yaleyale Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya vijana wa kiume wa Marekani wa miaka 15 hadi 19. Wengine walijaza dodoso la karatasi wenyewe. Wengine waliyasikia maswali kwa hedifoni na kubonyeza majibu kwenye kompyuta. Waliotumia kompyuta walikiri mambo ya aibu na ya hatari kwa viwango vya juu zaidi, na kwa baadhi ya maswali tofauti ilifika mara 3 au zaidi. Angalieni kwamba hata wale wa karatasi walijaza kwa faragha. Ila karatasi hubaki na mwandiko, na mtu mzima ndiye anayeipokea mkononi.

Lakini msiupeleke utafiti ule mahali ambapo haukufika. Wale ni vijana. Mtoto wa miaka 6 hatafuti faragha na mashine. Anatafuta mtu wa kukaa naye. Kwake kompyuta ina kazi nyingine. Programu iitwayo In My Shoes, iliyobuniwa Uingereza, haimwachi mtoto peke yake: mtu mzima aliyefunzwa anakaa kando yake, wote wawili wanatazama skrini, mtoto anachagua picha za watu, za mahali na za hisia, anaonyesha mwili unauma wapi, na mazungumzo yanapita katikati ya picha hizo. Macho ya mtu mzima yako kwenye skrini, hayako usoni kwa mtoto. Hilo peke yake linampunguzia mzigo.

Kabla ya kugusa maswali, tenganisheni kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Kuna chombo cha mapitio, chenye jina la mtoto, ambacho majibu yake yanaingia kwenye mpango wake wa malezi. Na kuna utafiti wa jumla, usio na jina, unaouliza hali ya watoto wote ikoje. Ukimwambia mtoto "hakuna atakayejua ni wewe", halafu jibu lake likasomwa kwenye kikao chake, umemfunza kutoziamini skrini, nawe pamoja nazo. Kinyume chake ni kibaya vilevile: mtoto anaandika kwenye utafiti usio na jina kwamba anaumizwa, nanyi mnabaki na sentensi mkononi bila kujua mlango wa kubisha. Basi viwe vyombo viwili, vyenye rangi tofauti na majina tofauti, na visijazwe siku moja. Kwenye ule usio na jina, kila skrini iwe na kitufe "Nataka kuongea na mtu". Mtoto akikibonyeza aone namba ya simu, au aandike jina lake kwenye kisanduku kinachokwenda kwa mtu mahususi, mbali na majibu yake.

Sasa maswali. Hapa ndipo muda unapokwenda, na unastahili kwenda.

Chukueni swali linaloonekana jepesi: "Je, una furaha nyumbani?" Nyumbani wapi? Kwa mtoto aliyehamishwa mara nne, neno hilo lina anwani tano. Na "mama" je? Ni aliyemzaa, anayemlea sasa, mama mkubwa anayemtembelea, au msimamizi wa makao ambaye kila mtoto humwita mama? Mkichora chati kutokana na majibu ya maswali hayo mtakuwa mmechora hewa. Dawa yake inatoka kwa mafundi: mwanzoni kabisa mtoto aulizwe analala wapi siku hizi na mahali hapo yeye anapaitaje, aulizwe pia watu wake wa muhimu ni nani, kwa majina anayoyatumia mwenyewe. Programu ihifadhi maneno hayo na kuyapachika kwenye maswali yanayofuata. Pachikeni kwa uangalifu, maana hapa pana mtego. Programu iliyopewa jina "Baba" itauliza bila haya, "Ungependa kuonana na Baba mara ngapi?", na Baba amefariki. Kwa hiyo kando ya kila jina mtoto achague: tunaonana, hatuonani, amefariki, sijui alipo. Maswali ya kuonana yamfuate yule tu ambaye yanamhusu.

Epukeni kukanusha. "Je, hujisikii salama?" ni swali ambalo mtoto akijibu "Ndiyo" hakuna ajuaye amesema nini. Epukeni pia maswali mawili ndani ya moja: "Je, chakula na chumba chako ni vizuri?" Maneno kama "mara kwa mara" kila mtoto huyapima kwa kipimo chake, ulizeni kuhusu wiki hii, jana, au tangu shule ifunguliwe. Maswali ya ndiyo na hapana kwa watoto wadogo yapunguzeni kabisa, kwa sababu mtoto aliyezoea kuhojiwa na wakubwa hujibu "Ndiyo" ili yaishe. Mpeni pande mbili zenye hadhi sawa: "Watoto wengine hupenda kuongea na mwalimu wakiwa na shida, wengine hupenda kukaa kimya. Wewe ni kama wepi?"

Nyuso za vikaragosi zinapendwa mno na wabunifu, na tunawasihi mzichunguze upya. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuchagua uso kwa sababu ni mzuri, wala haufananishi na moyo wake. Kabla ya maswali halisi mpeni mazoezi matatu ambayo jibu lake mnalijua: uso wa mtoto aliyepewa zawadi, uso wa aliyeanguka, uso wa anayesubiri basi. Akikosea mawili kati ya matatu, acheni nyuso, mrudi kwenye mazungumzo. Kwa wadogo chaguo 3 zinatosha. Kuanzia miaka 11 hivi, 5. Msitegemee nyekundu na kijani kubeba maana, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha rangi hizo. Kila swali liwe na "Sijui" na "Sitaki kujibu", kila kimoja na kitufe chake. Ni majibu mawili tofauti, na la pili huwa na habari nyingi kuliko wengi wanavyodhani: swali moja likikataliwa na watoto wengi wa nyumba moja, kuna jambo pale.

Urefu nao una mpaka. Dakika 10 kwa wa miaka 5 hadi 7, dakika 20 kwa wa 8 hadi 11, nusu saa kwa wakubwa, na hiyo nusu saa ni dari. Maswali mazito yasiwe ya kwanza wala ya mwisho. Yakiwa ya kwanza, mtoto anafunga mlango. Yakiwa ya mwisho, anatoka chumbani amebeba kidonda kibichi. Malizieni na jambo jepesi analoweza kulisemea: mchezo, rafiki, kitu anachojivunia.

Na maswali yenyewe yatoke kwa nani? Uingereza kuna utafiti uitwao Bright Spots, uliojengwa na shirika la Coram Voice pamoja na watafiti wa chuo kikuu, na watoto huujibu mtandaoni kwa matoleo tofauti ya umri. Waliujenga kwa kuwauliza watoto walio kwenye malezi maisha mazuri kwao ni nini. Ndiyo maana ndani yake mna swali la kama mtoto amewahi kuelezwa vizuri kwa nini yuko kwenye malezi. Ofisi huwa haiulizi hilo. Inadhani mtoto anajua, maana sababu imeandikwa ukurasa wa kwanza wa faili.

Mkishaandika, jaribuni kwa watoto au vijana 6 hadi 8. Msiwaulize "mmelielewa?", watasema wamelielewa. Waambieni wamweleze mwenzao swali hilo kwa maneno yao. Swali ambalo wawili wamelieleza kombo liandikwe upya.

Tuje kwenye sauti. Watoto waliohamahama huwa wamekosa masomo, na wengi watabonyeza haraka ili mtu asigundue kwamba hawasomi vizuri. Kwa hiyo kila swali na kila chaguo lisomwe kwa sauti, kwa wote, bila mtoto kuulizwa kwanza kama anahitaji msaada. Rekodini sauti ya mtu, kijana ikiwezekana, katika lugha anayoiota mtoto. Sauti ya mashine hukosea majina na kuweka mkazo pasipo mahali pake. Mafundi husema faili za sauti ni nzito, tupige hesabu. Dodoso la maswali 60, kila moja na chaguo 4, ni vipande 300. Kwa wastani wa sekunde 10 kila kipande, chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde, kila kipande ni kilobaiti 80, na vyote pamoja ni megabaiti 24. Huo si uzito. Picha chache za simu zinazidi hapo, na faili zikikaa ndani ya kifaa chenyewe hakuna kungojea intaneti.

Kosa la sauti linalojirudia ni hili: mtu anarekebisha maandishi ya swali la 17 na kusahau kurekodi upya. Mtoto anayesoma anajibu swali jipya, anayesikiliza anajibu la zamani, na nyinyi mnajumlisha majibu yao. Toleo la maandishi na toleo la sauti vibebe namba moja, na programu ikatae kufunguka namba zikitofautiana.

Vifaa havihitaji hotuba ndefu. Kishikwambi cha kawaida chenye skrini ya inchi 8 hadi 10 kinafaa. Hedifoni za kufunika sikio, zinazofutwa baada ya kila mtoto, na sauti yake iwekewe kikomo. Chaji isiyopungua nusu kabla ya kuanza. Kila jibu lihifadhiwe papo hapo, pasipo kungoja "Tuma", maana umeme na betri havina adabu. Mtoto akae mgongo ukielekea ukutani. Mtu mzima awe chumbani, umbali wa hatua nne au tano, anaonekana lakini hawezi kusoma. Chumba chochote kinafaa isipokuwa ofisi ya msimamizi wa makao.

Yanayostahili uangalifu zaidi yamo ndani ya kifaa. Kibodi ya kishikwambi hujifunza maneno. Mtoto wa kwanza akiandika jina la mtu anayemwogopa, mtoto wa tatu akianza na herufi hizohizo atapendekezewa jina lile. Zimeni ubashiri wa maneno na kamusi ya mtumiaji. Picha aliyochora mtoto inaweza kupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti ya afisa, ikatokea kwenye simu yake akiwa mezani na familia. Zimeni usawazishaji. Programu ikikaa dakika 5 bila kuguswa ijifunge, na kuifungua kuhitaji namba ya siri ya mtoto mwenyewe, siyo ya nyumba nzima. Na dodoso lisitengenezwe kwa akaunti ya bure iliyofunguliwa kwa baruapepe binafsi ya mfanyakazi mmoja. Siku akiacha kazi, siri za watoto 40 zinaondoka naye, wala si kwa ubaya wake.

Ridhaa tutaipitia haraka, mnaijua: mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto anaruhusu, kisha mtoto mwenyewe anaulizwa, kila mara, hata kama mwezi uliopita alikubali. Asiahidiwe zawadi ya kumaliza. Kilicho kigumu ni mipaka ya siri, na hii isemwe kabla ya swali la kwanza, kwa sauti, kwa maneno ya mtoto: "Ukituambia kwamba wewe au mtoto mwingine anaumizwa, tutamwambia mtu wa kusaidia. Tutakwambia wewe kwanza ni nani." Wapo wanaoogopa kwamba onyo hilo litawafunga watoto midomo. Litawafunga baadhi, kweli. Lakini mtoto aliyenyamaza leo anaweza kusema kesho. Aliyedanganywa atasema na nani?

Hapo mafundi huleta wazo la kengele: programu itafute maneno ya hatari yenyewe na kumwarifu afisa. Wazo si baya, ila tuwape neno moja mlijaribu: "piga". Mtoto ameandika "nimepiga picha", mwingine "napiga mswaki", wa tatu "napiga simu", wa nne "dada anapiga pasi". Kengele nne, zote za bure, kabla ya saa nne asubuhi. Wakati huohuo yule aliyeandika "sipendi anapokuja kuzima taa" amepita kimya. Kengele ya maneno iharakishe usomaji, isiwe mbadala wa usomaji. Kila maandishi huru yasomwe na mtu ndani ya saa 24, na kama siku za mapumziko hakuna msomaji, skrini iseme hivyo waziwazi: "Ujumbe huu utasomwa Jumatatu. Ukihitaji msaada leo, fanya hivi."

Njia ya ujumbe nayo ichorwe kwenye karatasi kabla ya kuandikwa kwenye programu. Majibu yasipite kwa anayesimamia nyumba anayoishi mtoto. Mtoto akimtaja mfanyakazi, ujumbe umruke mfanyakazi huyo na mkuu wake wa karibu. Hilo linaonekana dogo hadi siku ambapo mpokeaji wa malalamiko ndiye mlalamikiwa.

Kwa ule utafiti usio na jina, adui ni hesabu ndogo. Makao yana watoto 9, wasichana ni 3, mmoja tu ana miaka 14. Andikeni "msichana, miaka 14" na mmeshamtaja. Msitoe matokeo ya kundi lenye watoto chini ya 5. Unganisheni nyumba kadhaa au miaka kadhaa. Futeni saa ya kujibu, kwa sababu saa hiyo pamoja na orodha ya zamu ya kishikwambi vinatosha kumjua aliyejibu. Na changanyeni mpangilio wa rekodi, ili wa kwanza kujibu asiwe wa kwanza kwenye jedwali.

Msisahau kuhesabu ambao hawakujibu. "Asilimia 80 wameridhika" ya akina nani? Andikeni wangapi walikuwapo, wangapi walipewa nafasi, wangapi walikataa, wangapi hawakuulizwa kabisa. Wasioulizwa mara nyingi ni waliotoroka, walio hospitalini, na wenye ulemavu. Kwa mtoto anayewasiliana kwa picha, tumieni picha za ubao wake mwenyewe wa mawasiliano. Kumletea alama mpya siku ya dodoso ni kumhoji kwa lugha ya kigeni. Kwa kiziwi, swali liwe video ya lugha ya alama, kwa sababu maandishi kwake yanaweza kuwa lugha ya pili.

Tumefika kwenye jibu, mahali tulipoanzia. Pendekezo letu ni siku 5 za kazi mtoto apate neno kutoka kwa mtu mwenye jina, na siku 15 apate uamuzi au sababu ya kuchelewa. Fomu ya jibu iwe na vitu vinne tu: alichosema mtoto kwa maneno yake, kilichoamuliwa, sababu, na tarehe aliyoambiwa. Hiyo tarehe ya kuambiwa ndiyo inayobaki tupu kwenye mafaili, kwa hiyo programu isiruhusu kufunga suala bila kuijaza. Jibu lenyewe liwe hivi: "Uliomba kumwona dada yako kila Jumamosi. Utamwona Jumamosi moja kati ya mbili, kuanzia tarehe 8. Ni kwa sababu ya umbali. Tutalitazama tena kwenye kikao chako kijacho." Na ikiwa jibu ni hapana kubwa, kwamba mahakama imezuia au ndugu amekataa, lisitumwe kwenye skrini. Mtu aende.

Maneno yake yaachwe kama yalivyo. Mtoto akiandika "wali una mawe na nikisema wananicheka", msiandike "mtoto ana changamoto za lishe". Katika tafsiri hiyo mawe yametoweka, na kicheko chenyewe kimetoweka pia. Onyo hili lina uzito zaidi sasa, maana akili unde iko tayari kufupisha majibu 200 kwa dakika moja. Hufupisha kwa kulainisha: malalamiko ya wengi hubaki, la mmoja, ambalo pengine ndilo la kuamsha watu usiku, humezwa. Itumieni kupanga mada kama mna wasomaji wachache, lakini muhtasari wowote uambatane na maneno asilia, na maneno ya watoto yasipelekwe kwenye seva za nje ambazo hamna mkataba nazo.

Mwisho, uhai wa data. Utafiti usio na jina ukishatolewa ripoti, majibu ghafi yafutwe kwa tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo. Yenye jina ni tofauti. England, faili la mtoto aliyekuwa kwenye malezi hutunzwa hadi miaka 75 tangu kuzaliwa kwake, kwa sababu watu hao hurudi, wengine wakiwa na wajukuu, kuuliza nini kilitokea. Programu yenu haitakuwa hai miaka 75. Kampuni itafungwa, leseni itakwisha, kishikwambi kitaoza. Kwa hiyo kila baada ya kikao cha mapitio, toeni nakala nje ya programu: maandishi matupu au PDF ya hifadhi (ile iliyoundwa kusomeka miaka mingi), sauti kwa faili ya kawaida isiyobanwa, na michoro kama picha. Viwekwe kwenye faili la mtoto vikiwa na tarehe, swali aliloulizwa kwa ukamilifu, jibu lake, na jibu mlilompa. Swali lisipowekwa, atakayefungua miaka 40 baadaye atakuta "3, 3, 1, Sitaki kujibu", naye hatajua alikataa kujibu nini.